Bafta Ndani ya Nyumba ya Mtu Hai

Kasimiri alikuwa mtu wa maneno machache, na kazi yake ya kwanza ilimfaa kwa sababu hiyo. Katika kiwanda cha nguo kule Kihonda mitambo ilinguruma tangu king'ora cha alfajiri hadi zamu ibadilike, na mtu asiyependa kusema hakuonekana ana kasoro. Wafumaji walizungumza kwa macho na vidole. Akitaka uzi alinyoosha kidole, akitaka maji aligusa koo. Mkewe Modesta alizoea kumtania kwamba hata posa aliileta kwa ishara.

Ilipoingia miaka ya soko huria, marobota ya mitumba yakashuka Morogoro kwa malori, na nguo za kiwanda zikakosa mnunuzi. Wakapunguza watu wa zamu moja, kisha wa zamu nyingine, mwishowe geti likafungwa kwa mnyororo. Kwa muda mrefu baada ya hapo Kasimiri aliendelea kuamka kiza kingalipo pale Mafiga, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri king'ora ambacho hakikulia tena. Aliikumbuka harufu ya pamba iliyopigwa na mvuke. Aliyakumbuka yale manyoya meupe ya uzi yaliyoganda kwenye nyusi za watu, hata vijana wakatoka zamu wamekuwa wazee.

Kazi ya mbu aliipata kwa jirani yake Amosi, dereva wa mradi mmoja wa utafiti wa malaria.

"Wanatafuta mtu mtulivu, asiyeparamia vyombo vya watu," Amosi alimwambia. "Nikawaambia ninaye mmoja. Ukimwingiza ndani ya nyumba, hata mwenye nyumba anasahau kwamba yupo."

"Nitawakamataje mbu, Amosi?"

"Hukamati. Unawaokota kama mchele."

Na kweli ilikuwa hivyo. Asubuhi na mapema, mbu wakiwa bado wamejibanza ukutani na matumbo yao yamejaa, waliingia katika nyumba walizopewa ruhusa. Walitoa nje vyakula, mitungi ya maji, vigoda na chochote kinachohamishika. Kisha walitandika shuka nyeupe sakafuni na kitandani, kona hadi kona, wakaziba madirisha kwa magunia, wakapuliza dawa ya pareto na kufunga mlango. Wote walisubiri nje. Mlango ulipofunguliwa, mbu walikuwa wamedondoka juu ya weupe ule, nao waliwaokota mmoja mmoja kwa kikoleo chembamba na kuwatia katika vichupa.

Siku ya kwanza alipokunjua zile shuka, Kasimiri alisita. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitambaa. Ilikuwa bafta ya kiwanda chao. Aliujua ule ukingo wenye uzi maradufu jinsi mama anavyoujua mshono wa nguo ya mwanawe. Hakumwambia mtu, ila tangu siku hiyo shuka hizo alizifua yeye mwenyewe na kuzikunja yeye mwenyewe, na wenzake wakaliona hilo kuwa bidii ya kazi.

Bosi wake wa kila siku alikuwa Janeth, fundi wa maabara, binti mcheshi aliyekuwa na umri wa kuweza kuwa mwanawe, na aliyempa shikamoo kila asubuhi bila kukosa. Kasimiri alijua tayari kwamba mbu wa malaria hukaa kichwa chini mkia juu, akadhani kazi imekwisha hapo. Janeth akacheka.

"Hao wenye mkia juu nao hawafanani, Mzee Kasimiri. Ni ndugu wa sura moja. Mmoja anapenda ng'ombe na mbuzi, akiwakosa ndipo anamgeukia mtu. Mwingine, mtu ndiye chakula chake na nyumba ya mtu ndiyo kwake. Huyo wa pili ndiye anayetumaliza."

"Sasa unawajuaje?"

"Kwa jicho huwajui. Hata ukiwaweka chini ya hadubini, mbawa ni zile zile. Lazima tusome vinasaba. Kila aina ina alama yake humo, haifanani na ya mwenzie."

"Na hivyo vinasaba viko wapi? Kwenye damu?"

"Kote. Hata mguu mmoja unatosha."

Mguu wa mbu! Kasimiri alienda nao nyumbani kichwani. Lakini alipolala akilifikiria jambo lile, hakuliona geni sana. Kwao Uluguru watu wawili wanaweza kufanana kama punje mbili za hindi moja na wasiwe na udugu wowote. Shamba, ndoa, hata mahali pa kuzikwa, havifuati sura. Unamuuliza mtu: mama yako ni wa ukoo gani? Hapo tu ndipo unapojua umesimama na nani. Basi na mbu nao wana ukoo wa mama zao, alijisemea, na Janeth ndiye anayewauliza.

Kwao ni kitongoji kilicho juu ya Kinole, mahali ambapo watu wa Kinole wenyewe hupaita Juu tu, kana kwamba hakuna pengine palipoinuka duniani. Huko alikulia katikati ya migomba na midalasini, maji ya baridi yakishuka mbele ya mlango. Akiwa kiwandani, katikati ya joto na makelele, alipofumba macho alipaona Juu: ukungu umelala bondeni, mama yake akibandua maganda ya mdalasini, mikono yake ikinukia hadi kwenye ugali. Na neno moja walilokua nalo watoto wote wa pale, kama sala: homa ni ya bondeni. Ukishuka utaipata, ukipanda itakuacha.

Lakini masika yaliyopita homa ilikuwa imepanda. Judith, binti wa dada yake Jesca, alimzika mtoto wake wa kwanza, aliyeanza kuchemka jioni na kukamatwa na degedege kabla ya jogoo kuwika. Jesca mwenyewe alikuwa Turiani na mumewe, kwenye mashamba ya miwa, na Judith aliachwa Juu na bibi yake ili shamba la ukoo lisikose mtu. Kwa Waluguru mtoto wa dada ndiye damu yako hasa, na Kasimiri ndiye aliyekuwa mjomba. Ndiye aliyebeba kile kijeneza. Sasa Judith alikuwa mjamzito tena, na masika mengine yalikuwa yanakuja.

Ndipo mradi ukatangaza kwamba utagawa vyandarua vilivyochovywa dawa, lakini katika vijiji vile tu ambavyo maabara imethibitisha kuna yule mbu mpenda watu. Vijiji vilivyotajwa vyote vilikuwa vya chini. Kasimiri alisikiliza hadi mwisho, akaona wanakunja karatasi zao, na mkono wake ukanyanyuka. Wenzake waligeuka kumtazama kana kwamba kiti kimesema.

"Na Juu?" akauliza.

Mkuu wa mradi, mtu mpole tu, alimjibu kwamba kule ni baridi, kuna uwezekano watu huzipata homa wanaposhuka sokoni. Janeth akamsaidia Kasimiri: "Uwezekano si jibu, mkuu. Hatujawahi kupima."

Wakapewa safari moja, kabla barabara ya Mkuyuni haijaharibiwa na mvua. Wakirudi na mbu, watapimwa. Wakirudi mikono mitupu, habari ya Juu imekwisha.

Kasimiri alimtumia mama yake ujumbe kwa mchuuzi wa ndizi: anakuja na wenzake kutafuta mbu. Bibi Yuliana alipoupokea alicheka hadi akakaa chini. Mtu atoke mjini kuja mlimani kutafuta mbu? Aliona huyo mchuuzi ameuchanganya ujumbe njiani, hivyo hakumwambia jirani yeyote.

Na Kasimiri naye alikosea kwa upande wake. Desturi ya Juu ni kwamba mwana aliyetoka mbali hafungui mzigo kabla hajapita kwa mjomba wake na kwa majirani, akaketi, akaeleza kilichomleta. Hayo yalikuwa maneno mengi sana kwa Kasimiri. Alfajiri ile, walipopanda kutoka Kinole yeye, Janeth na Amosi aliyebeba pampu ya dawa, alijiambia kwamba watafanya kazi kwanza, kimya kimya, kisha atazunguka nyumba kwa nyumba. Mbu hawangoji jua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe ni kweli unakuja!" Bibi Yuliana aliwapokea, akawatazama wageni, akasema hawezi kuwaacha na njaa, akachukua kapu na kushuka bondeni kuchuma mboga. Judith alisaidia kutoa masufuria nje, lakini harufu ya dawa ikamchefua, akaenda kujikalia nyuma ya jiko.

Basi mtu aliyekuwa kwenye mteremko wa pili aliona nini? Alimwona Kasimiri wa mjini amefika asubuhi na mapema bila kutoa taarifa wala kupiga hodi popote. Aliona vyungu, vigoda na kinu vinatolewa nje, kama inavyofanywa nyumba inapohitaji nafasi ya waombolezaji. Aliona bafta nyeupe, nguo ya sanda, inaingizwa ndani. Aliona mlango umefungwa, na mbele yake watu wamesimama kimya wamefumbata mikono, na binti wa mjini aliyejitanda khanga kichwani anafuta machozi, maana ile pareto ilikuwa imemwingia Janeth machoni.

Aliyeona ni Mama Petro, na Mama Petro alikuwa na sauti. Kule milimani habari haisubiri miguu, hurushwa kutoka mgongo wa kilima hadi mwingine. Aliweka mikono kichwani akaachia: "Yulianaaa! Uwiii! Yuliana ametutoka jamani!"

Sauti ikadakwa ng'ambo, ikarushwa juu zaidi. Muda si muda kile kipande cha reli kilichoning'inia penye kigango, kengele ya kanisa lao dogo, kikaanza kugongwa, polepole, mlio wa msiba. Kasimiri alisikia, akavua kofia. "Nani tena amefariki?" alimuuliza Amosi, naye Amosi akatikisa kichwa kwa huzuni.

Wakaanza kufika. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wameacha majembe njiani. Wa kwanza alimkumbatia Kasimiri kwa nguvu kabla hajasema lolote. Wa pili akamwangukia begani. Kasimiri alipoelewa kinacholiliwa, aliinua mikono kuwazuia.

"Si… jamani… hapana, mama ni…"

"Lia, mwanangu, usijikaze," mzee mmoja akamwambia. "Mwanamume naye ana mama."

"Lakini hakuna…"

"Ndiyo, hakuna kama mama. Lia."

Janeth akapaza sauti: "Hakuna msiba hapa! Bibi yuko hai!" Wanawake wakatazamana kwa huruma. "Masikini, huyu binti wa mjini," mmoja akasema. "Uchungu umemzidi, anakataa."

Hapo akatokea Mikaeli. Mikaeli alikuwa wa ukoo wa watani wao, na katika misiba ya ukoo ule yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuchekesha. Alikuwa amejipaka majivu usoni, amejifunga kitenge kifuani, anatembea kwa kuchechemea na mkono kiunoni vile vile alivyotembea Bibi Yuliana. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka katikati ya machozi.

"Nani atatunyima mdalasini sasa?" aliimba kwa sauti nyembamba ya kizee. "Yuliana mchoyo, kuku wake anataga ndani ya sanduku! Ukiomba chumvi anakuuliza ya jana umeipeleka wapi! Pisheni, nimekuja kuchukua sanduku langu!" Akajilaza kizingitini, miguu huku, kichwa kule. "Haingii mtu wala hatoki maiti mpaka nipewe jogoo. Tena mwekundu!"

Wakati huo Bibi Yuliana alikuwa anapanda kutoka bondeni na kapu la mboga. Alikuwa ameisikia reli. Alipoinua macho akaona umati umejaa mbele ya nyumba yake mwenyewe, mlango umefungwa, bafta inachungulia chini ya mlango, na mwanawe amesimama katikati anakumbatiwa. Yeye hakuwaza kwamba amekufa yeye. Katika nyumba ile alimwacha mtu mmoja mwenye mimba.

Kapu likaanguka. "Judith!" alipiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia kutoka kwake. "Mjukuu wangu! Mmemfanya nini Judith wangu?" Akapiga magoti pale pale njiani, kwenye tope, akaanza kujipiga kifuani.

Watu waligeuka. Wengine walirudi nyuma. Mikaeli, bado amelala kizingitini na kitenge kifuani, aliinua kichwa akamwona marehemu anamlilia mtu mwingine.

Judith alitokea nyuma ya jiko, anafuta mdomo. "Bibi! Nipo hapa, bibi!" Bibi Yuliana alimshika uso, akamshika mabega, akamshika tumbo. Alilia hata zaidi baada ya kumwona kuliko kabla. Kasimiri aliangalia hayo akatamani ardhi impasukie. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba ukimya nao unaweza kumvunjia mtu nyumba.

Aliyesema kwanza ni Anselmi, mdogo wake Bibi Yuliana, mkubwa wa ukoo na mtunza ardhi yake.

"Kasimiri."

"Naam, mjomba."

"Hiyo bafta uliyoiingiza humo ni ya nani?"

"Ni ya kazi, mjomba."

"Mimi najua kazi moja tu ya bafta nyeupe iliyotandikwa kitandani. Mlango ule utafunguliwa, hiyo sanda utaikunja na yaliyomo ndani yake, utakwenda kuichoma ng'ambo ya mto. Na hizo nyingine hazitaingia katika nyumba yoyote hapa Juu. Hatutandikiwi sanda tukiwa hai."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Janeth akamtazama Kasimiri. Mbu walikuwa ndani, juu ya shuka, na sisimizi wa mlimani hawana subira. Safari ilikuwa hii moja.

Kasimiri alitazama chini. Kisha akasema, bila kuinua macho, na kwa sauti ndogo hata wa nyuma ikawabidi wasogee.

"Nimekosa, mjomba. Nilipaswa kupita kwako kwanza. Niliona haya. Nimewaliza watu bure na nimemwangusha mama yangu kwenye tope. Lakini nisikilizeni. Kijeneza cha mtoto wa Judith nilikibeba mimi. Kilikuwa chepesi. Mpaka leo mikono hii haijasahau wepesi ule. Huko mjini wanasema Juu hakuna mbu wa kuua mtu. Kama ni kweli, sawa, nitafurahi. Lakini kama hawasemi kweli, yuko humo ndani sasa hivi amelala juu ya hiyo bafta, na nikimchoma, Judith atazaa, na hatutakuwa na chandarua." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima.

Ndipo Bibi Yuliana akanyanyuka, akakung'uta tope magotini.

"Anselmi, mdogo wangu. Anayezushiwa kifo anafanywaje?"

Anselmi akakohoa. "Anaongezewa siku. Ndivyo walivyosema wazee."

"Basi mimi leo nimegongewa reli, nimeliliwa, nimetukanwa na watani, na sanda nimetandikiwa. Nitawazika nyote!" Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa ukweli. Akamgeukia Mikaeli. "Na wewe mwizi wa sanduku! Mtani akimlilia mtu hai anatozwa nini?"

Mikaeli alikuwa anajaribu kukifungua kitenge. "Mama, mimi niliitwa na reli…"

"Reli si mtani wangu. Anatozwa nini?"

"Anatozwa anachotaka aliyeliliwa," wazee wakasema kwa pamoja, wakifurahi kwamba jambo limepata njia yake.

"Sitaki jogoo wako aliyekonda. Nataka nyumba yako. Hiyo bafta ikitoka kwangu inaingia kwako, itandikwe kitandani kwako, tuone nani mwenye mbu wengi."

"Mimi ni msafi, mtani!"

"Tutaona!"

Anselmi alitazama huku na huku, akaona utani umekwisha kulimaliza shauri lake, na utani ukisha kusema hata mkubwa wa ukoo hakati rufaa. Akasogea mlangoni. "Mfungue," alimwambia Kasimiri. "Lakini kuanzia nyumba ya pili, mimi natangulia kupiga hodi."

Walikuta sisimizi wameshafika kwenye kona moja, msururu mweusi umebeba mbawa. Kasimiri aliishika shuka kutoka upande wa pili, akaitoa nje kwa tahadhari, akaiweka juani. Watu wakainama kuizunguka. Mbu walikuwepo. Hawakuwa wengi, lakini walikuwepo, matumbo mekundu. Aliwaokota wote kwa mkono uliotulia kabisa, na Janeth akaandika kwenye kila kichupa jina la mwenye nyumba. Kwa Mikaeli walipatikana wengi zaidi, jambo ambalo Bibi Yuliana alilitangaza hadi ng'ambo ya bonde.

Majibu yalichukua majuma. Siku yalipotoka Janeth alimwita Kasimiri maabara na kumwonyesha picha: uwanja mweusi, na juu yake mistari mifupi ya mwanga imepangwa kwa safu.

"Tulitoa mguu wa kila mbu, tukausaga, mashine ikaikuza ile alama hadi ikaonekana. Kila aina inasimama kwenye kidato chake. Hawa waliosimama hapa chini ni wapenda ng'ombe. Ndio wengi." Kidole chake kikapanda. "Na hawa hapa, huyu, huyu na huyu, wanalingana kabisa na yule tunayemjua wa mabondeni. Mpenda watu. Wawili ni wa kwa mama yako."

Kasimiri aliitazama ile mistari. Ilikuwa kama nguo ya milia iliyoanza kufumwa ikaachwa.

"Kwa hiyo Juu imo."

"Imo, Mzee Kasimiri. Mkuu ameshakubali."

Alitarajia kufurahi, na alifurahi. Lakini jioni, akitembea kurudi Mafiga, milima ikiwa imesimama mbele yake imevaa mawingu, alihisi ameibiwa kitu. Pale palipokuwa pasafi kichwani mwake kwa miaka yote ya kiwanda, sasa palikuwa na alama.

Vyandarua vilipanda Juu mvua za kwanza zikinyesha, vichwani mwa watu kutoka Kinole. Anselmi alipoelezwa majibu hakubishana, ila alikuwa na maelezo yake. "Zamani hawakuwepo. Wamekuja na malori ya wachuuzi. Si kila kitu sasa ni ruksa? Mitumba ruksa, maduka ruksa, na mbu nao wakaona wapande." Watu walicheka, na Kasimiri akaliona neno lile lina faraja. Alikuwa tayari kuliamini.

Akaingia ndani, mama yake akiwa anafunga kamba za chandarua kwenye boriti juu ya kitanda cha Judith. Cha kwake mwenyewe kilikuwa bado kimekunjwa pembeni.

"Mjomba anasema zamani hawakuwepo," Kasimiri alimwambia, akimshikia kigoda asimame vizuri. "Naona kweli. Nilipokuwa mdogo hapa palikuwa baridi. Hatukuumwa kitu."

Bibi Yuliana alikaza fundo.

"Wewe hukuumwa," alisema. "Wewe ulikuwa mgumu. Lakini hukuwa mzaliwa wangu wa kwanza, Kasimiri. Ulijua hilo?"

"Sijawahi kusikia, mama."

"Kwa sababu hatukusema. Tulisema ni degedege, tukasema limetumwa na wachawi, tukahama nyumba. Anselmi alikuwa mvulana, alikuwa anachunga mbuzi, angejuaje? Homa ilikuwepo hapa hapa. Sisi tulisema ni ya bondeni ili tuweze kulala." Aliinyoosha ile neti kwa kiganja, kama anavyonyoosha nguo ya harusi. "Sasa wewe umemkamata aliyewaua ndugu zako, yuko kwenye kichupa. Kwa hiyo nitawataja."

Kasimiri alisimama akiwa ameshika kigoda. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga majani ya migomba.

"Alitangulia Gaspari," mama yake alisema. "Akafuata Felista, huyu alikuwa na cheko, ungempenda. Kisha kadogo kamoja ambako hatukuwahi kukabatiza, nikakaita mwenyewe kimoyomoyo."

"Ulikaitaje, mama?"

Akashuka kwenye kigoda, akamshika mwanawe mkono, akamsogelea sikioni na kumwambia lile jina. Kisha akamwita Judith aje alale, aone kama kamba zinatosha.